Sura ya Nani Ichongwe? Medali, Wafanyabiashara na Wapagazi wa Bagamoyo

(Matini ya mhadhara uliosomwa mbele ya wakazi wa Kata ya Dunda)



Medali ni kipande cha madini kinachoenea kiganjani. Hainunui unga wala mafuta ya taa, na mwenye duka akipewa medali badala ya noti ataitazama, ataigeuza upande wa pili, kisha atairudisha kwa mwenyewe. Hapo ndipo inapotengana na sarafu. Sarafu hutaja kiasi cha thamani yake. Medali hutaja mtu anayestahili kukumbukwa. Kwa sababu hiyo kila medali, hata iwe ndogo namna gani, ni hukumu. Watu fulani wameketi, wamewaza, wakaamua kwamba sura hii ichongwe na ile iachwe.

Iko desturi duniani ya miji kutengeneza medali za kuadhimisha kuanzishwa kwake, na mara nyingi sura inayochaguliwa ni ya mfanyabiashara aliyefika mahali hapo zamani, akajenga nyumba na ghala, akabadilishana mali na wenyeji, na mji ukachipuka pembeni mwa uzio wake. Bagamoyo ni mji uliolelewa na biashara. Basi ni swali la haki kuulizwa barazani: kama mji huu ungetaka medali ya mwasisi wake, sura ya nani ingewekwa? Swali linaonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu.

Ni vema kuanza mbali, katika mji mmoja wa Marekani ambao habari yake inafanana na ya hapa kuliko mtu anavyodhani. Chicago leo ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya nchi hiyo. Katika miaka ya 1780 mahali pale palikuwa ni mdomo wa mto unaoingia katika ziwa, na hapo alikaa mfanyabiashara mmoja mweusi aliyeitwa Jean Baptiste Point du Sable. Mkewe, Kitihawa, alikuwa wa kabila la Wapotawatomi, wenyeji wa nchi ile. Du Sable hakuwa mtu wa kibanda na mzigo mmoja begani. Alipouza mali yake mwaka 1800, hati ya mauzo ilitaja nyumba, kinu cha kusagia, jiko la kuokea mikate, maghala na mifugo. Akaondoka, na mwaka 1818 akafariki katika mji mdogo wa St. Charles, Missouri, bila sherehe.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, vitabu vya Chicago vilimwita mwasisi mtu mwingine, John Kinzie, aliyehamia katika nyumba ile ile baada ya Du Sable kuondoka. Kinzie alikuwa Mzungu. Ilihitaji juhudi za miaka mingi za Waamerika weusi, wengi wao wanawake wa vyama vya kijamii, mpaka jina la Du Sable likarudishwa mahali pake. Katika maonyesho makubwa ya mwaka 1933 mjini humo walifanikiwa kuwekewa mfano wa nyumba yake. Mwaka 1987 Posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake. Leo lipo daraja lenye jina lake, ipo makumbusho, ipo barabara ya kando ya ziwa, na medali nazo zimetengenezwa kwa heshima yake.

Mambo mawili katika habari hiyo yanaigusa Bagamoyo moja kwa moja. La kwanza ni kwamba hakuna picha inayojulikana ya Du Sable iliyochorwa wakati wa uhai wake. Uso ulioko kwenye stempu, kwenye sanamu na kwenye medali ni wa kubuniwa. Mchongaji alihitaji uso, na historia haikuacha uso, kwa hiyo akautengeneza. La pili ni zito zaidi. Wapotawatomi walikuwepo kabla ya Du Sable, na yeye mwenyewe alioa kwao. Anapoitwa mwasisi, neno hilo linamaanisha mtu wa kwanza aliyeandikwa kuwa na nyumba ya kudumu na biashara. Wale waliompokea hawahesabiwi. Medali imesahihisha dhuluma moja ikaacha nyingine kando. Yamkini hilo ndilo tatizo la medali zote za waasisi.

Sasa Bagamoyo. Nani aliuanzisha mji huu?

Mwendo mfupi kusini mwa mji yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita, ambayo yanaonyesha kwamba watu wa dini, wa biashara na wa bahari waliishi katika ukanda huu kabla Msultani yeyote wa Oman hajahamia Unguja. Baadaye wakaja Washomvi, wakakaa kwa masikilizano, na wakati mwingine kwa mapambano, na Wazaramo, Wadoe, Wakwere na Wazigua wa bara ya karibu. Wakuu wa Washomvi waliitwa madiwani. Neno hilo bado linatumika katika jengo la halmashauri, ingawa diwani wa leo huchaguliwa kwa kura na hadai hongo ya misafara. Wakaja Waarabu, wakaja Wabaluchi waliokuwa askari wa Sultani, wakaja Wahindi wa madhehebu mbalimbali, na mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaweka misheni yao. Mji uliopatikana kwa namna hiyo una babu wengi.

Ikiwa hata hivyo masharti ni kwamba mwasisi awe mfanyabiashara mmoja, mwenye jina na mwenye kuacha alama inayoonekana, basi jina litakalotajwa kwanza na watu wengi ni Sewa Haji Paroo.

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Kihindi ya Kiismailia iliyokuwa na duka Unguja na tawi Bagamoyo. Biashara yake ilikuwa ni kuitayarisha misafara. Mtu aliyetaka kwenda bara hakuweza kufunga safari kwa fedha taslimu, kwa kuwa fedha haikuwa na kazi Ugogo wala Unyamwezi. Alihitaji majora ya merikani na kaniki, ushanga wa rangi inayopendwa katika nchi atakayopita, nyaya za shaba, baruti, na juu ya yote alihitaji migongo ya watu. Vyote hivyo, pamoja na migongo, vilipatikana kwa watu kama Sewa Haji. Henry Morton Stanley alipofika hapa mwaka 1871 kabla ya kwenda kumtafuta Dk. Livingstone, alimtegemea kijana huyo wa miaka kama ishirini ampatie wapagazi, na katika kitabu chake akaacha malalamiko marefu juu ya bei na ucheleweshaji. Msomaji wa haki atakumbuka kwamba Stanley alilalamika juu ya karibu kila mtu aliyekutana naye, na kwamba muuzaji anayejua soko lake hupendwa na wachache.

Lakini Sewa Haji hakukumbukwa kwa faida aliyoipata. Alitoa jengo la shule hapa Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi na kila dini wapokelewe, jambo ambalo katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Kijerumani, halikuwa la kawaida hata kidogo. Alitoa fedha za hospitali mjini Dar es Salaam, na jina lake hadi leo limo katika jengo la wodi za Muhimbili, ambako mgonjwa huambiwa apandishwe Sewa Haji, akapandishwa, akapona akarudi nyumbani bila kujua kwamba alilazwa ndani ya jina la mtu wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1897, hajafikisha miaka hamsini.

Huyo angefaa kwa medali. Shule na hospitali ni hoja nzito kuliko duka. Lakini mtu hawezi kuisimulia mali ya Sewa Haji bila kueleza ilivyopatikana, na hapo mazungumzo hayana budi kuwahamia watu waliobeba mzigo.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kutoka Tabora hadi pwani kulikuwa ni safari ya miezi, si ya siku. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kujua njia na mwenye kuimba. Nyuma walifuata mamia, na katika misafara mikubwa maelfu. Wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, wenye fahari na kazi yao. Wengine katika njia hiyo hiyo hawakuwa wa kulipwa, na shingoni walikuwa na kongwa. Jina la mji lenyewe linasimuliwa kwa namna mbili kulingana na nani aliyekuwa akifika: kwa mpagazi ni kubwaga moyo, yaani kutua na kupumzika, kwa mateka ni kuuacha moyo nyuma kabla ya kuvuka bahari. Kila mtoto wa Dunda amezisikia hadithi zote mbili, na hakuna haja ya kumlazimisha achague moja.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba medali kwa ajili ya watu wa misafara ziliwahi kutengenezwa. Hazikutengenezwa hapa, na hazikuagizwa na mtu wa hapa, lakini zimefungamana na Bagamoyo.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu waliokuwa naye wangeweza kumzika hapo na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake waliamua kumrudisha kwao. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyeshika kisu. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gamba la mti, wakauweka kwenye mpiko na kuubeba. Wakuu wao walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kando ya mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana. Jacob Wainwright, aliyesomea Nasik huko India, alikuwa mwandishi wao: ndiye aliyeorodhesha mali ya marehemu na kuchonga maneno kwenye gome la mti. Walikuwepo pia wanawake, akiwemo Halima mpishi, ambaye Livingstone alimtaja mara kwa mara katika shajara zake.

Walitembea kwa takribani miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,600. Baadhi yao walifia njiani. Walipofika Kwihara karibu na Tabora walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeshauri mwili uzikwe hapo hapo kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Huyu alikuwa ofisa wa Malkia, nao walikuwa wapagazi na watumishi. Hata hivyo walikataa, na Cameron hakuweza kuwashurutisha.

Mbele kidogo, mahali palipoitwa Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Hapo ndipo akili ya msafara ilipoonekana. Waliufungua mwili kutoka katika gamba la mti, wakaufunga upya mfano wa robota la nguo za biashara, mzigo ambao hakuna angeushangaa katika njia ile. Kisha wakakusanya mabua ya mtama, wakayavika sanda, wakawapa watu sita wayabebe kwa heshima zote kurudi upande wa Unyanyembe, kana kwamba wameshindwa na wanakwenda kumzika huko. Usiku ulipoingia, wale sita wakayatupa mabua mmoja mmoja porini na kurudi kwa siri kuwafuata wenzao. Aliyebuni hila hiyo anastahili medali peke yake.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ulilazwa katika kanisa la misheni, ambalo mnara wake unasimama hadi leo na kuitwa kwa jina la Livingstone, kisha ukachukuliwa kwa meli kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na wafalme na washairi. Na wale walioubeba? Walilipwa mishahara yao na kuagwa. Katika mazishi yale, kati ya wote waliotembea kutoka Chitambo, alikuwepo Jacob Wainwright peke yake, ambaye nauli yake ililipwa na chama cha wamisionari. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa hisani ya rafiki wa marehemu, wakakaa na mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone na kumweleza mambo ambayo daftari zenyewe zisingeweza kueleza. Kitabu kilipotoka, jina lililokuwa juu lilikuwa moja.

Ndipo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikaona haya, au kikaona sifa. Pengine vyote viwili. Kiliagiza medali maalumu kwa ajili ya watu wa msafara ule, takribani sitini, zenye sura ya Livingstone upande mmoja, na kila moja ikiwa na jina la mpewa pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya “mwaminifu hadi mwisho”. Kwa zama zile, ambapo mpagazi katika vitabu vya wasafiri alikuwa ni namba katika jedwali la mizigo, kuliandika jina la Farijala au la Chowpere kwenye madini lilikuwa jambo kubwa, na haifai kulidharau.

Lakini medali hizo zilifika Unguja watu wenyewe wakiwa wamekwisha kutawanyika. Mpagazi hakai bandarini kungoja nishani; akishalipwa hutafuta msafara mwingine, hurudi kwao, au hufa. Wako waliozipata, na wako ambao hawakuzipata kamwe. Cameron, yule aliyeshauri mwili uzikwe njiani, alivuka bara hadi pwani ya Atlantiki, na mwaka 1876 chama hicho hicho kikampa medali yake ya dhahabu. Za Susi na Chuma hazikuwa za dhahabu. Tena itazamwe sura iliyoko juu yake: si ya Susi, si ya Chuma, ni ya aliyebebwa. Aliyebeba amewekewa jina, aliyebebwa amewekewa uso.

Miaka kumi na mitano baadaye jambo kama hilo lilijirudia, na tena mwisho wake ulikuwa katika mitaa hii. Mwaka 1887 Stanley aliondoka Unguja na mamia ya wapagazi na askari wa pwani kwenda kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudani. Waliingia kwa mto Kongo, wakapita katika msitu uliowamaliza kwa njaa, maradhi na mishale, na tarehe 4 Desemba 1889 waliosalia wakaingia Bagamoyo. Wengi wa walioondoka hawakurudi. Usiku huo maofisa waliandaliwa karamu na Wajerumani, shampeni ikamiminwa, na Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka dirisha la ghorofa na kuumia vibaya kichwani. Wasafiri hukisimulia kisa hicho kwa kicheko. Waliokuwa nje ya jumba lile, waliobaki ngozi na mifupa, hawakualikwa karamuni. Baadaye na wao walipewa nishani na chama kile cha London: nyota ya fedha yenye ncha tano, katikati ina herufi za jina la msafara na mwaka. Safari hii majina ya wapewa hayakuandikwa. Nyota zote ni sawa. Mtu akiiokota moja leo hawezi kujua ilikuwa ya nani.

Tofauti kati ya medali ya mwaka 1874 na nyota ya mwaka 1889 ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa muda mrefu. Ile ya kwanza, pamoja na kasoro zake zote, ilihitaji orodha. Ilibidi mtu akae na wakuu wa msafara, aulize jina la huyu na jina la yule, aandike. Masikio ya Kizungu yaliyaandika majina hayo kwa namna ya ajabu, lakini mtu wa pwani akisoma Majwara, Mabruki, Farijala, huyatambua. Kwa sababu ya orodha, baadhi ya watu wale wana historia: inajulikana kwamba Chuma aliongoza misafara mingine mikubwa na kufariki Unguja mwaka 1882, kwamba Susi alifariki huko huko mwaka 1891, kwamba Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892. Ya pili haikuhitaji orodha ila hesabu. Fundi aliambiwa idadi, akatengeneza idadi.

Inasemekana kwa urahisi kwamba mambo haya ni ya makumbusho na hayahusiani na huduma za halmashauri. Mtu anayesema hivyo ajiulize jinsi orodha zinavyotunzwa katika ofisi za mtaa na za kata leo. Daftari la wakazi, daftari la uandikishaji shuleni, rejista ya zahanati, kumbukumbu za makaburi, hati za nyumba za Mji Mkongwe ambazo zimepita mikononi mwa warithi watatu au wanne bila kubadilishwa jina: hizo ndizo orodha za sasa. Nyumba ya matumbawe ikiporomoka na mwenyewe hajulikani, haitengenezwi, kwa kuwa hakuna wa kumwandikia barua. Kaburi lisiloandikwa hupitiwa na uzio wa kiwanja. Na Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, pamoja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Njia hiyo haiwezi kuelezwa kwa wageni kwa kuwaonyesha kuta tu, wakati watu waliotembea juu yake hawana majina.

Iko pia hatari iliyo karibu zaidi, nayo iko kabatini. Katika nyumba za zamani za Dunda na Magomeni vimo vipande vya madini ambavyo wenye navyo huviita kwa jumla pesa za kale. Vingi ni sarafu za kweli: pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yenye mchoro wa mizani, rupia ya Kijerumani yenye Kaisari aliyevaa kofia ya chuma, heller za kuanzia mwaka 1904, ambazo ndizo zilizoacha neno hela katika Kiswahili, senti za Waingereza zenye tundu katikati. Sarafu hizi si adimu sana, ingawa mnunuzi wa kupita barabarani, mwenye kipimo cha mkononi na maneno matamu, hulipia zote bei moja. Lakini ikitokea ndani ya kibweta kukawa na kipande kisichotajwa thamani yoyote, chenye kichwa cha Mzungu mwenye masharubu na jina la Kiswahili, au nyota ya fedha yenye ncha tano, hicho hakipaswi kuuzwa mlangoni. Medali za mwaka 1874 zimewahi kuonekana minadani London, na kinachozipandisha bei huko ni jina la mpagazi lililo juu yake. Jina lile lile ambalo nyumbani limesahauliwa, ng'ambo lina mnunuzi.

Mwenye kipande cha namna hiyo asikisugue kwa mchanga, wala majivu, wala ndimu. Kutu ya juu ni sehemu ya umri wake na maandishi hufutika haraka. Asikitoboe ili amvishe mtoto. Akifunge kwa kitambaa kikavu cha pamba, akiweke mbali na chumvi ya bahari, ambayo hapa hula hata bawaba za milango. Nchi ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na maofisa wa mambo ya kale wanaweza kukitazama na kukiandika bila kumnyang'anya mwenye mali. Kuandikwa si kutwaliwa. Hofu hiyo imewafanya watu wengi waviuze vitu kwa siri, kwa bei ya samaki wawili. Na kabla ya ofisa kufika, mwenyewe aandike pembeni, kwa kalamu ya kawaida, kipande kimetoka kwa nani, aliyekuwa nani, alikwenda wapi. Madini bila maelezo hayo ni chuma chakavu chenye sura nzuri.

Ama lile swali la medali ya mwasisi, lina ugumu ambao hauondoki. Akiwekwa Sewa Haji, shule na hospitali zitamtetea, na wapagazi aliowakodisha watanung'unika. Akiwekwa diwani wa Kishomvi, hakuna ajuaye uso wake, na mchongaji atabuni kama alivyobuni wa Chicago. Akiwekwa Livingstone, itakuwa ni kurudia kosa la London, kwa kuwa yeye hakufika kwenye mnara ule ila akiwa amebebwa. Huenda uso usiwepo kabisa. Upande mmoja mpiko na robota la nguo, kama lile lililopita Kasekera. Upande wa pili majina, madogo madogo, mengi kadiri madini yatakavyoruhusu.

Kazi hiyo ya majina haihitaji fundi wa medali wala bajeti. Daftari moja la shule la kurasa 200 latosha kwa mtaa mmoja. Safu ya kwanza iwe ya jina. Ya pili, mtaa au kijiji alikotoka. Ya tatu, kazi aliyoifanya, iwe upagazi, uvuvi, useremala wa milango, ualimu wa madrasa, upishi wa misafara. Ya nne, jina la mjukuu aliyetoa habari na tarehe aliyoitoa. Wazee wenye kuzikumbuka hadithi za babu zao waliotembea bara wako hai bado katika kata hii, wachache, na wengi wao hukaa barazani alasiri baada ya sala, wakati ambapo vijana huwa wamekwisha kutoka shuleni.